Kabla Hujatundika TV, Ujue Ukuta Wako

Kwa anayejiandaa kutundika TV, neno langu ni moja: anza na ukuta, breketi, kile chuma cha kushikia TV ukutani, ije baadaye. Mimi somo hilo limenigharimu shilingi 171,000, na zaidi ya nusu yake ilikwenda kununua na kufungisha kitu ambacho sasa kimekaa kwenye boksi juu ya kabati. Naandika kwa ajili ya wapangaji na wenye nyumba za kawaida kama zetu, za matofali ya mchanga na saruji yaliyopigwa plasta. Karatasi za maelekezo zinazokuja ndani ya boksi la breketi nyingi zimechorwa kwa watu wenye kuta za aina nyingine kabisa, zenye nguzo za mbao ndani zilizoachana kama sentimita 40. Kuta za namna hiyo hapa Tabata, Dar es Salaam, hatuna.

TV tulinunua Desemba, baada ya kikoba, kikundi chetu cha akiba, kuvunjwa na kila mtu kupewa chake. Inchi 55, na kwa kweli ilikuwa furaha kubwa nyumbani. Dukani muuzaji akanionyesha breketi ya mkono, ile inayovutwa na kugeuzwa huku na huku. "Dada, hii ndiyo ya kisasa. Ukiwa unakula unaigeuzia mezani, ukimaliza unairudisha." Bei yake 75,000, na fundi wao wa kuja kufunga 20,000. Boksi lilikuwa limeandikwa linabeba kilo 50 na TV za inchi 32 hadi 70. Fundi alikuja jioni ileile, akatoboa, akapachika plagi zilizokuja kwenye boksi, zile za plastiki za kushikia skrubu ukutani, akakaza, akaondoka. TV ilikaa vizuri. Majirani waliokuja kutazama mpira walisifia.

Miezi ilipita. Siku moja nikifuta meza ya king'amuzi nikaona vumbi jeupe, laini kama unga, limejipanga mstari mfupi chini ya TV. Nikalifuta. Kesho yake lipo tena, mahali palepale. Nikapitisha kidole nyuma ya TV mpaka kwenye bamba la ukutani. Kwa chini limegusana na ukuta, kwa juu ukucha wangu ukaingia. Mtoto wetu wa miaka mitatu alikuwa amekaa hapo chini na vikopo vyake, anapika. Mwili uliniisha nguvu. Nilimhamishia chumbani kwanza, ndipo nikamwita mume wangu.

Tuliishusha na kijana wa jirani. Bamba lilipofunguliwa, plagi mbili za juu zilitoka kwa vidole tu, zikiwa zimevaa mchanga. Nilizipima: sentimita 5. Plasta ya ukuta ule ina unene wa karibu sentimita 2, kwa hiyo ndani ya tofali plagi iliingia sentimita 3, na tofali lenyewe ukilikwangua na msumari linamwagika. Nilipopiga simu dukani jibu lilikuwa kwamba waranti ni ya TV, ukuta hauwahusu. Nilikasirika sana, na mpaka leo naona duka linalotuma fundi wake lilipaswa kusema neno kuhusu ukuta kabla ya kuwasha drili.

TV ikakaa kwenye meza kwa muda, imefungwa kamba nyuma. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza watu wanaojua, na aliyenifumbua macho ni mwalimu wa ufundi, rafiki wa kaka yangu, kwa kunipigia hesabu kwenye karatasi.

TV yetu ina kilo 14 bila miguu. Ikiwa kwenye breketi iliyobana ukuta, uzito wake unakaa kama sentimita 6 tu kutoka ukutani, na kazi kubwa ya skrubu ni kuizuia isiteleze chini. Ukiivuta kwa mkono mpaka sentimita 45, uzito uleule unageuka mtaimbo. Bamba letu lilikuwa na skrubu za juu na za chini zilizoachana sentimita 20. Chukua 14 zidisha kwa 45, gawanya kwa 20: zaidi ya kilo 31 zinazivuta zile skrubu za juu zitoke nje ya ukuta, usiku na mchana kama umeiacha imevutwa. Kwa breketi iliyobana, hesabu hiyohiyo inaleta kilo 4 na kidogo. Mtoto wa kilo 12 akijining'iniza kwenye mkono uliovutwa anaongeza kilo nyingine 27. Na plagi ya plastiki inayovutwa bila kupumzika huachia polepole, ndiyo maana yetu haikuanguka siku ya kwanza. Zile kilo 50 za kwenye boksi zinasema habari za chuma peke yake. Hazisemi lolote kuhusu tofali lako.

Baada ya hesabu ile sikuhitaji kushawishiwa. Swali nililojiuliza ni moja: je, kweli tunaigeuza hiyo TV? Sebule yetu ina kochi moja na viti viwili, vyote vinatazama ukuta uleule. Tangu wiki ya kwanza hakuna aliyeugeuza mkono. Tulikuwa tumelipa pesa nyingi kwa ajili ya kitu tusichokitumia, na ndicho hichohicho kilichokuwa kinaung'oa ukuta.

Kwa hiyo nikaenda Kariakoo kutafuta breketi isiyocheza, na safari hii nilikwenda na vipimo. Nyuma ya kila TV kuna matundu manne ya skrubu. Pima kati ya tundu na tundu, upana kisha kimo, kwa milimita. Vipimo hivyo vinafuata utaratibu wa VESA, chama cha viwanda kilichoanzishwa Marekani mwaka 1989, na ndiyo sababu breketi ya kampuni yoyote inaweza kushika TV ya kampuni nyingine ilimradi matundu yakubaliane. Utakutana na 200 kwa 200, 400 kwa 200, 400 kwa 400. Yetu ni 300 kwa 200. Wauzaji wanauliza inchi, lakini inchi hazitoshi. TV mbili za inchi 55 zinaweza kuwa na matundu tofauti na uzito tofauti. Uzito umeandikwa kwenye kijitabu cha TV, na mara nyingi kwenye boksi pia.

Dukani nilimwomba muuzaji anifungulie boksi. Wengine hawapendi, lakini ukimwambia kwa upole, "Kaka, nisaidie nione chuma chenyewe," wengi watakufungulia. Nilishika breketi tatu za bei zinazokaribiana na tofauti ilionekana mikononi. Moja ilipinda nilipoikandamiza kwa vidole gumba. Nyingine ilikuwa nzito lakini pale kwenye kulabu, sehemu inayobeba TV, weldi ilikuwa nukta mbili tu. Niliyoichukua ilikuwa na bamba la karibu milimita 2, kulabu zilizokunjwa kutoka kwenye bamba lenyewe bila kuungwa, na skrubu ndogo chini za kufunga ili mtu asiweze kuinyanyua TV ikatoka. Hizo skrubu za kufunga msizidharau wenye watoto. Breketi nyingine TV inakaa kwa kuning'inia tu, na mtoto akisukuma kwa fimbo ya ufagio kutoka chini inanyanyuka. Bei ilianzia 28,000, tukamalizana kwa 22,000.

Niliwaza pia kwenda kwa fundi wa kuchomelea anitengenezee ya flatibaa, yaani vyuma bapa. Alinitajia 25,000 na chuma chake kilikuwa kinene kuliko vyote nilivyoona Kariakoo. Sikukataa kwa sababu ya ubora. Nilikataa kwa sababu matundu lazima yalingane na ya TV kwa milimita kamili, na yeye alikuwa anapima kwa futi ya kitambaa. Kama una fundi mwenye vipimo makini, na akakupakia redoksaidi ya kuzuia kutu kabla ya rangi, hiyo ni njia nzuri kabisa ya kuokoa pesa.

Sasa ukuta. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie.

Kabla ya kutoboa tena nilikwenda kwa mwenye nyumba. Fundi wa kwanza alitoboa bila mzee kujulishwa, na kwa mpangaji hilo ni jambo la kuanza nalo kwa sababu matundu yatadaiwa siku ya kuhama. Mzee hakukasirika. Alikaa barazani akanieleza kwamba nyumba aliijenga kwa awamu, na vyumba vya ndani alivijenga kwa matofali ya inchi 5 aliyoyanunua mwishoni pesa ikiwa imekata. "Mwanangu, yale matofali yalikuwa ya kumalizia tu." Hiyo ni habari ambayo hakuna drili ingenipa haraka namna ile. Kila mtu anajua wapo wafyatuaji wanaotoa matofali 50 kwa mfuko mmoja wa saruji. Nyumba inasimama, kwa sababu uzito unashuka chini na tofali linabebana na tofali. Ukitundika kitu kinachovuta kwenda nje ndipo ule uchache wa saruji unapojidhihirisha.

Fundi wa pili nilimpata kupitia mama mmoja wa kikoba. Alipofika hakufungua begi. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka mlangoni mpaka dirishani, kisha akatoboa tundu moja dogo mahali ambapo TV ingeficha, polepole, akiwa ameshika karatasi chini yake. Vumbi la kwanza lilitoka laini, la kijivu: plasta. Kisha ukaanza kutoka mchanga, punje unaziona. Akaacha kutoboa, akanionyesha. "Mama, unaona? Hapa ukiweka bolti ya kutanuka, inalipasua tofali. Hizo ni za zege." Alisema kama ukuta ungekuwa na nguzo ya zege pale tunapotaka TV, angefunga hizo bila wasiwasi. Nguzo yetu iko kona ya mlango, haifai.

Akanipa njia mbili. Ya kwanza, bolti zipite ukuta mzima, upande wa pili ziwekewe bamba la chuma na nati. Ni imara kuliko zote, lakini upande wa pili ni stoo ya mzee na mzee hakutaka matundu yapenye. Ya pili, ubao mgumu ufungwe ukutani kwa plagi nyingi, halafu breketi ifungwe kwenye ubao. Badala ya skrubu nne kutegemea tofali moja au mawili, mzigo unagawanywa kwenye plagi nane na matofali matatu. Tukachukua hiyo.

Ubao ulikuwa wa mninga, urefu sentimita 120, upana sentimita 22, unene sentimita 2.5, umepigwa randa na kupakwa vanishi. Karakana walinitoza 18,000. Msonobari ungekuwa rahisi zaidi, ila fundi aliukataa kwa sababu ni laini na mchwa wanaupenda. Kabla ya kuupandisha, alipitisha bolti nne za milimita 8 kutoka nyuma ya ubao, vichwa vikazama ndani ya mbao, ncha zikabaki zimetokeza mbele kusubiri breketi na nati zake. Ubao ukishabana ukutani, bolti hizo haziwezi kutoka.

Kisha nikaona kitu kilichonipendeza sana. Upande wa stoo ukuta haukupigwa plasta, matofali yako wazi. Fundi aliingia stoo na futi, akapima kutoka ukingo wa mlango mpaka kwenye kila kiungio cha saruji, akaandika kwenye kipande cha boksi, akarudi sebuleni akapima kutoka ukingo uleule na kuweka alama kwa penseli. Kwa hiyo kila tundu likaangukia katikati ya tofali, mbali na kiungio. Kwa nyumba zetu ambazo nyingi zina upande mmoja usiopigwa plasta, hii ni mbinu ya bure.

Alizima swichi kuu kabla ya kutoboa. Nyaya nyingi kwenye nyumba hizi hushuka wima kutoka darini mpaka kwenye soketi na swichi, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya soketi kwa mstari ulionyooka. Plagi alizotumia ni zile ndefu za sentimita 10 ambazo mafundi aluminiamu hufungia fremu za madirisha: zinapita kwenye ubao, zinapita plasta, na bado sentimita 5 na zaidi inabaki ndani ya tofali. Alifunga utepe kwenye biti ya drili kuonyesha kina, akazima ile nyundo ya drili, akatoboa kwa mzunguko tu, kwa sababu tofali dhaifu likipigwa nyundo tundu linapanuka na plagi inacheza. Kila tundu alilipuliza kwa mrija mpaka vumbi likaisha. Plagi zilikuwa zinaingia kwa kugongwa kidogo. Moja iliingia kwa mkono bila kugongwa, akaitoa, akatoboa pengine.

Ubao ulipokaa, kabla ya TV kuguswa, aliushika kwa mikono miwili akanyanyua miguu. Mtu mzima, kilo sitini au sabini, amening'inia kwenye ubao. Haukutikisika. Fundi yeyote atakayekufungia TV mwombe afanye jaribio la namna hiyo au avute kwa nguvu zake zote. Kama anasita, nawe usiweke TV.

Kuhusu kimo, mume wangu alitaka iwe juu kama ya baa. Breketi isiyocheza hailazi TV kutazama chini, kwa hiyo ikiwa juu shingo ndiyo inayolipa. Tulikaa kwenye kochi tukapima kimo cha macho, tukaweka katikati ya TV kwenye sentimita 110 kutoka sakafuni. Nyuma ya TV kunabaki nafasi ya sentimita 3 tu. Angalia mapema matundu ya HDMI na antena yanatazama wapi. Kama yanatazama ukutani moja kwa moja, waya hauingii, utahitaji kiungio cha kona. Cha kwetu kilikuwa cha 5,000 na tungekigundua TV ikiwa tayari iko juu kama fundi hakuuliza.

Na zile skrubu zinazoingia kwenye TV yenyewe, kwetu ni M6, yaani za unene wa milimita 6, ziingize kwa mkono kwanza. Ikigoma, usilazimishe kwa spana. Ndefu kupita kiasi inaweza kugusa na kuharibu vitu vya ndani, fupi inashika nyuzi mbili tatu tu. Fundi alijaribu moja bila breketi, akahesabu mizunguko mpaka ikagota, kisha akachagua urefu na kuongeza washa, zile pete za chuma.

Gharama za mara ya pili zilikuwa hivi: breketi 22,000, ubao 18,000, plagi na bolti 6,000 kutoka mtaa wa Gerezani, fundi 25,000, kiungio cha kona 5,000. Jumla 76,000. Ya kwanza ilikuwa 95,000. Iliyo imara ndiyo iliyokuwa rahisi, na humo breketi haikufika hata theluthi.

Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Mombasa au Unguja, tumieni bolti za mabati au zisizoshika kutu, kwa sababu chumvi ya hewani hula zile nyeusi za kawaida na hutaiona kutu nyuma ya TV mpaka imeshakula nyuzi. Wenye kuta za jipsamu za urembo nyuma ya TV, mwambieni fundi jipsamu aweke ubao mgumu uliofungwa kwenye tofali kabla hajafunika. Jipsamu peke yake isibebeshwe TV, hata ya inchi 43. Kama imeshafunikwa, tumieni plagi ndefu zinazovuka uwazi mpaka kwenye tofali, na muweke kipande cha mbao au bomba la chuma kwenye ule uwazi ili jipsamu isipondwe wakati wa kukaza.

Na kama chumba chako kinalazimisha mkono, labda TV iko kona na kitanda kiko upande mwingine, tafuta wenye bamba la ukutani refu. Skrubu za juu na za chini zikiachana sentimita 40 badala ya 20, mvuto ule wa kilo 31 unashuka kuwa nusu. Ukimaliza kutazama, urudishe mkono ukutani. Kila baada ya miezi michache pitisha ukucha juu ya bamba, na ukikuta vumbi jeupe chini yake, shusha TV siku hiyohiyo.